Mji Mdogo Uliolinda Jina la Divai Yake

Katika hoteli kubwa, na pengine juu ya meza ya karamu ya arusi, msomaji huenda amepata kuona chupa nzito ya divai nyekundu ambayo kioo chake chenyewe kina alama iliyoinuka: taji ya Baba Mtakatifu wa Roma pamoja na funguo za Mtakatifu Petro. Alama hiyo si karatasi iliyobandikwa. Iliumbwa pamoja na chupa, hata ukipitisha kidole gizani utaitambua. Watu wengine hudhani kwamba divai hiyo ni ya kanisa, ya kutumiwa altareni. Sivyo. Ni divai ya kuuzwa, tena ya bei kubwa, nayo hutoka katika mji mdogo wa kusini ya Ufaransa uitwao Châteauneuf-du-Pape, maana yake Ngome Mpya ya Papa.

Mji wenyewe una watu wapatao 2,000 tu, na uko karibu na mto Rhône, kati ya miji ya Orange na Avignon. Mtu akipita kwa gari la moshi bondeni huenda asijue kwamba ameupita. Lakini kanuni walizojiwekea wakulima wa mji huu katika miaka ya 1920 zilikuja kuwa mfano kwa Ufaransa nzima, na baadaye kwa nchi nyingine nyingi zinazotaka kulinda majina ya mazao yao. Na kanuni hizo zilizaliwa na ugomvi juu ya jina.

Tukiwa katika habari za majina, inafaa kukumbuka kwamba hata neno letu "divai" limetokana na Kifaransa, kama vile "mvinyo" lilivyotokana na Kireno. Lugha yetu imeonja katika vikombe viwili.

MAPAPA WALIPOKAA UFARANSA

Mwaka 1309 Papa Klementi wa Tano, ambaye alikuwa Mfaransa, alihamia Avignon kwa sababu ya machafuko ya siasa za wakati ule. Tangu hapo mpaka mwaka 1377 Mapapa saba, mmoja baada ya mwingine, walikaa katika mji huo badala ya Roma. Wa pili wao, Papa Yohane wa Ishirini na Mbili, aliamuru ngome ijengwe juu ya kilima cha Châteauneuf, mahali penye hewa nzuri na pa kuona mbali. Mizabibu ilikuwapo tayari, nayo ikaongezwa, kwa maana nyumba ya Papa ilikuwa na wageni wengi.

Wakati ule, hata hivyo, mji haukuitwa kwa jina la Papa. Uliitwa Châteauneuf-Calcernier, kwa sababu ya chokaa iliyochomwa huko. Jina la sasa lilifanywa rasmi mwaka 1893 tu, zaidi ya miaka 500 baada ya Mapapa kuondoka. Mtu mwenye wivu aweza kusema kwamba wenyeji walilichagua kwa ajili ya biashara. Huenda asikosee, lakini ngome ilikuwa yao kweli, na Papa alikuwa wa kweli.

Ngome hiyo sasa ni gofu. Watu walichukua mawe yake kwa karne nyingi ili kujengea nyumba zao. Kisha, mwezi wa Agosti 1944, majeshi ya Kijerumani yalipokuwa yakirudi nyuma, yakaubomoa kwa baruti mnara uliokuwa umesalia. Upande mmoja ulianguka, na mwingine ukabaki umesimama kama ukuta usio na nyumba. Ndio unaoonekana katika picha zote za mji.

MAWE NA UPEPO

Mkulima wa kwetu akionyeshwa mashamba ya Châteauneuf atafikiri anafanyiwa mzaha. Katika sehemu nyingi udongo hauonekani kabisa. Juu yake yametandazwa mawe ya mviringo, mengine makubwa kama mkate, mengine kama kichwa cha mtu, laini kama mawe ya mtoni. Nayo ni mawe ya mtoni hasa: katika zama za kale mno mto Rhône uliyasukuma kutoka milima ya Alps, ukayaacha hapo. Mchana huota jua. Usiku hutoa joto lile polepole chini ya zabibu. Tena huuzuia udongo wa chini usikauke upesi. Jembe haliyapendi, lakini mzabibu huyapenda.

Wako waandishi wanaosema kwamba siri yote ya divai hii ni mawe hayo. Si kweli. Shamba maarufu la Rayas, ambalo divai yake hutafutwa na matajiri wa dunia nzima, liko juu ya mchanga. Na mashamba mengine yako juu ya mawe ya chokaa. Udongo hubadilika kila baada ya hatua chache, nayo ni sababu mojawapo ya wakulima kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali.

Kisha kuna upepo. Wenyeji huuita Mistral. Hutoka kaskazini, hushuka katika bonde la Rhône kama maji katika mfereji, mkavu na mkali, na huweza kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Huvunja machipukizi na huwachokesha watu. Lakini mvua ikinyesha karibu na mavuno, upepo huohuo hukausha mashada kabla ya kuoza. Kwa sababu yake mizabibu mingi ya huko hukatwa iwe mifupi, isimame peke yake kama kichaka kidogo chenye umbo la kikombe, bila waya wala nguzo.

Aina za zabibu zinazoruhusiwa kwa desturi huhesabiwa kuwa 13, nyekundu na nyeupe. Iliyo kuu ni Grenache, ambayo hujaza zaidi ya nusu ya mashamba. Hupenda joto, huwa na sukari nyingi, na divai yake huwa na nguvu na harufu ya matunda yaliyoiva. Syrah huongeza rangi, Mourvèdre huongeza ukali wa maganda unaoifanya divai ikae miaka mingi. Nyingine, kama Counoise, Cinsault, Muscardin na Vaccarèse, hutumiwa kidogo kidogo, kama mpishi atumiavyo bizari. Nitazirudia baadaye, maana zina jambo.

MDUDU WA ROQUEMAURE

Ng'ambo ya mto, karibu na Châteauneuf, uko mji wa Roquemaure. Papa Klementi wa Tano alifia hapo mwaka 1314. Msiba mwingine ulianzia hapo mwaka 1862, wakati mfanya biashara mmoja wa divai alipopokea mizabibu kutoka Amerika, akaipanda uani kwake kwa kuijaribu. Hakuwa na nia mbaya. Mwaka uliofuata mizabibu ya vijiji vya jirani ikaanza kunyauka bila sababu iliyoonekana. Ukichimba mzabibu uliokufa hukuti kitu ila mizizi iliyooza.

Miaka ikapita. Mwezi wa Julai 1868 mtaalamu wa mimea wa Montpellier, Jules-Émile Planchon, pamoja na wenzake, walichimba si mizabibu iliyokufa bali ile iliyoanza tu kuugua. Hapo wakamwona adui: mdudu mdogo wa manjano, jamii ya vidukari, akinyonya mizizi kwa maelfu. Akaitwa filoksera. Mti ukifa yeye huhamia mwingine, ndiyo maana hakupatikana penye maiti.

Ufaransa ilikuwa imetengeneza zaidi ya hektolita milioni 80 za divai mwaka 1875 (hektolita moja ni lita 100). Mwaka 1889 hazikufika milioni 30. Watu walijaribu kugharikisha mashamba kwa maji, wakajaribu dawa za sumu ardhini. Mwisho dawa ikapatikana palepale ulipotoka ugonjwa. Mizabibu ya Amerika ilikuwa imezoea kuishi na mdudu huyo, basi wakulima wakapandikiza matawi ya Kifaransa juu ya mashina ya Kimarekani. Leo karibu mizabibu yote ya Ufaransa inasimama juu ya miguu ya kigeni.

DIVAI CHACHE, WAUZAJI WENGI

Kazi ya kupanda upya ilichukua miaka mingi, na wakati huo watu hawakuacha kunywa. Penye upungufu, mdanganyifu hupata kazi. Divai ikatengenezwa kwa zabibu kavu zilizolowekwa. Nyingine kwa maji na sukari. Divai za mbali zikatiwa katika mapipa yenye majina ya karibu. Kisha mashamba yalipoanza kuzaa tena, divai ya kweli haikupata bei, kwa kuwa soko lilikuwa limejaa ya uongo. Mwaka 1907 wakulima wa kusini waliandamana kwa mamia ya maelfu, wakiongozwa na mkulima na mwenye duka la kahawa aitwaye Marcelin Albert. Askari walipelekwa, na huko Narbonne watu kadhaa wakapigwa risasi wakafa. Serikali ikaongeza sheria dhidi ya udanganyifu. Lakini sheria iliyosema divai iwe ya zabibu haikusema ni nani mwenye haki ya kutumia jina la mahali fulani.

Châteauneuf iliumia kwa njia yake. Kwa muda mrefu divai yake yenye nguvu ilikuwa ikinunuliwa kwa mapipa ili kuchanganywa na divai dhaifu za Burgundy. Ilifanya kazi lakini haikutajwa. Na jina lake lilipoanza kujulikana, wachuuzi wakaliandika juu ya divai ambayo haikupata kukiona kilima kile. Ndipo mkulima wa hapo alipojikuta akishindana sokoni na jina lake mwenyewe.

BARONI ALIYEKUWA WAKILI

Mwaka 1923 wakulima walimwendea Baroni Pierre Le Roy de Boiseaumarié. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, amesoma sheria Montpellier, amekuwa rubani wa ndege za vita katika vita ya 1914 mpaka 1918, na kwa kuoa alikuwa amepata kukaa katika shamba la Fortia hapo Châteauneuf. Walimwomba awatetee mahakamani juu ya wezi wa jina.

Yasemekana kwamba alikubali kwa sharti moja: wao wenyewe kwanza waonyeshe mfano wa uaminifu na utii. Sharti hilo ndilo lililoleta tofauti. Ni rahisi kupeleka mashtaka juu ya mchuuzi wa mbali. Ni vigumu kumwambia jirani yako kwamba shamba lake la bondeni, ambalo baba yake alilima, halistahili jina la mji anamokaa. Lakini wakulima wakakubali, wakaunda chama, wakajiandikia kanuni.

Kanuni ya kwanza ilihusu mpaka. Hawakusema tu kwamba kila kilichomo ndani ya mji kihesabiwe. Walisema ardhi inayostahili ni ile kame, ambayo lavenda na zaatari huweza kuota juu yake pamoja. Nimeipenda sana hiyo. Wapimaji wa ardhi wana minyororo yao na ramani zao, lakini hapa mimea ya porini ilikubaliwa kuwa shahidi. Ardhi yenye rutuba ya kando ya mto, nzuri kwa mboga, ikaachwa nje.

Kanuni nyingine zilitaja aina za zabibu, namna ya kukata mizabibu, na nguvu ya divai: isipungue sehemu 12 na nusu za kileo katika 100, tena nguvu hiyo itokane na jua, si kwa kuongeza sukari katika pipa. Wakati wa mavuno kila mkulima alipaswa kuchagua mashada kwa mkono na kutenga yasiyofaa, walau sehemu 5 katika kila 100, hata katika mwaka mzuri. Mkulima wa kahawa wa Nyeri au Meru, ambaye hukaa kiwandani akitenga buni mbichi na mbovu kabla ya kupimiwa, hatahitaji kuelezwa maana ya kazi hiyo, wala ubishi wake. Na divai ya waridi hairuhusiwi kabisa kwa jina hili. Ni nyekundu, na nyeupe kidogo, basi.

Mashauri yalichukua miaka kumi. Wataalamu walitumwa na mahakama kukagua udongo shamba kwa shamba. Walikuwapo walioachwa nje ya mstari wakalalamika, na wachuuzi waliopenda mambo yabaki kama yalivyokuwa. Mwaka 1933 hukumu ya mwisho ikatolewa, na mpaka ukathibitishwa. Unaingia katika ardhi ya miji mitano: Châteauneuf yenyewe, Orange, Courthézon, Bédarrides na Sorgues, jumla hekta 3,200 hivi za mizabibu.

Siwezi kusema kwamba mstari huo haukumwumiza mtu. Mwenye shamba hatua chache nje ya mpaka huuza divai yake kwa jina la jumla la Côtes du Rhône, na kwa kawaida hupata sehemu ndogo tu ya bei anayopata jirani. Hata hivyo naona walitenda haki. Kama kila aliyelalamika angeingizwa, jina lingefika mpaka baharini, na hapo lisingemfaa ye yote.

JINA LISILOUZWA

Serikali ya Ufaransa ilitazama jambo hili kwa makini. Seneta Joseph Capus, aliyepata kuwa Waziri wa Kilimo, alikuwa akitafuta sheria ya namna hiyo kwa nchi nzima, na mwezi wa Julai 1935 ilipitishwa, pamoja na baraza la kuisimamia. Tarehe 15 Mei 1936 majina ya kwanza yakatangazwa kuwa chini ya ulinzi, na Châteauneuf-du-Pape likawa mojawapo. Baroni Le Roy alikuwa mmoja wa walioanzisha baraza hilo pamoja na Capus, na mwaka 1947 akawa rais wake. Alikaa katika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1967.

Linalostahili kuangaliwa ni namna jina hilo linavyomilikiwa. Alama ya biashara, kama ile ya sabuni au ya majani ya chai, ni mali ya kampuni, nayo huweza kuuzwa. Jina Châteauneuf-du-Pape halina mwenyewe. Mwenye hekta mia na mwenye robo ya hekta wana haki moja, maadamu wanashika kanuni. Mkulima akihama, jina hubaki katika ardhi. Tajiri akitaka jina hana budi kununua shamba, na akilinunua hufungwa na kanuni zilezile: asivune zaidi ya kipimo cha kawaida cha lita 3,500 kwa hekta moja, avune kwa mkono, achague. Chupa ile yenye taji na funguo ilibuniwa mwaka 1937, ili mnunuzi aweze kuitambua divai kabla ya kusoma neno lo lote. Si wakulima wote wanaoitumia, kwa hiyo asidhani msomaji kwamba chupa isiyo nayo ni ya wizi.

Kuhusu wizi, mji huu ulijilinda hata dhidi ya mbinguni. Mwaka 1954 magazeti ya Ufaransa yalijaa habari za watu walioona vyombo vya ajabu angani. Meya wa Châteauneuf, Bwana Lucien Jeune, akatoa amri rasmi: sahani zirukazo na sigara zirukazo, za taifa lo lote, haziruhusiwi kupita juu ya mji, kutua wala kuruka, na kitakachotua kikamatwe mara moja. Ilikuwa namna ya kuutangaza mji bila gharama, nayo ilifaulu sana. Mwaka 2016 Meya mwingine aliulizwa kama ataifuta, akakataa. Sisi tunaoandika barua za Serikali twajua kwamba amri iliyo rahisi kuitoa ndiyo iliyo ngumu kuifuta.

JUA LIMEZIDI

Shida ya sasa haitoki angani kwa sahani, bali kwa jua. Zamani mkulima alihangaika kuifikia nguvu ile ya 12 na nusu. Katika miaka hii ya joto divai nyingi za Châteauneuf hufika 14 na nusu au 15, nyingine hupita, na mavuno huanza mapema kuliko walivyozoea wazee. Grenache, aliye mfalme wa kilima, ndiye anayezidisha sukari kuliko wengine. Divai ikiwa na kileo kingi mno huwa nzito, na mnywaji huchoka kabla ya chakula kwisha.

Ndipo zile zabibu ndogo nilizozitaja zinapoingia. Wakulima wengi waliziacha kwa kuwa hazizai sukari ya kutosha. Counoise na Vaccarèse zilionekana kuwa za wazee. Sasa udhaifu wao umekuwa faida, kwa maana hubaki na uchachu na ubaridi wakati Grenache inapowaka. Katika karne ya 19 mwenye shamba la La Nerthe, Kamanda Joseph Ducos, alipokuwa akipanda upya baada ya filoksera, alipanda aina kumi kwa pamoja, akieleza kila moja inaleta nini. Wenzake waliorithi hesabu yake wakaiweka katika kanuni, ingawa wengi hawakuitumia. Leo wako wakulima wanaong'oa sehemu ya Grenache na kupanda tena Counoise katikati ya mawe, hali wakijua kwamba mzabibu mpya huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa divai inayofaa, na kwamba watakaoionja ikiwa katika ubora wake huenda wakawa watoto wao.